Birika la Mheshimiwa

Lile jina nililitoa mimi. Nimechelewa sana kuliandika neno hilo, na hata sasa ninapoliandika naangalia mlango. Kwa miaka soko zima la Jebel liliamini kwamba aliyempa Mheshimiwa jina la Birika ni kinyozi Mkenya aliyekuwa na kibanda jirani na changu. Kinyozi mwenyewe aliamini hivyo. Alisimulia mara nyingi hadi akakumbuka nywele za nani alikuwa akinyoa siku hiyo. Lakini yeye alilipaza tu. Kabla ya kutoka mdomoni mwake lilikuwa limetoka mdomoni mwangu, kwa sauti ndogo, nikiwa nimeinamia kibao.

Mimi si msemaji. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja natafuta pa kuweka mikono. Nilisoma hadi darasa la saba kambini Uganda, na mkataba wa amani ulipotiwa saini nikarudi Juba, mji niliokuwa nimeujua kwa kusimuliwa. Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Naandika polepole, kila herufi naishughulikia kama mtu anayeshona kifungo cha shati la harusi. Kuna mteja aliyefungua duka, akauza, akafilisika, akahama, na bango lake lilikuwa bado kwangu likisubiri herufi mbili za mwisho. Kuchora picha ni jambo jingine. Kuku, gurudumu, kichwa kilichonyolewa vizuri, hivyo navipiga mara moja na vinatokea. Tofauti hiyo muikumbuke, tutaihitaji.

Kibanda changu kilikuwa chini ya mlima, mbele ya safu ya kinamama wa chai. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, ndiye aliyenipokea niliporudi. Alikuwa anauza chai tangu alfajiri hadi alasiri, na sikuwahi kumwona akinywa hata funda moja. Nilidhani anajua anachotia humo. Nilimwambia hivyo siku moja na akanirushia majani ya mnanaa.

Sasa Mheshimiwa. Alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo, mmoja wa wale walioteuliwa baada ya amani. Mtu mfupi, na suti yake ilikuwa na rangi ya vumbi la Jebel, kwa hiyo haikuchafuka kamwe. Miaka ile kila mheshimiwa aliyefika sokoni aliahidi lami. Huyu alipanda juu ya kreti ya soda, akahutubia mpaka chai zikapoa, na mwishoni akasema anatuletea choo.

Kisha askari mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza betri akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, sisi tumekaa porini miaka ishirini na moja."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Porini choo kilikuwa bure, tena kikubwa."

Soko likacheka wiki nzima. Watu walikuwa wanajisaidia kwenye mawe ya mlima, na waliona mawe yanatosha. Mheshimiwa alicheka nao, akashuka kwenye kreti, na kesho yake akaleta wachimbaji.

Wachimbaji walikwenda chini kiasi cha magoti, wakakuta jiwe. Wakahamia pembeni, wakakuta jiwe jingine, au labda ni lile lile. Mlima wetu haukuishia pale unapoonekana kuishia. Mvua zikaanza, shimo likajaa maji, vyura wakahamia. Kinyozi akawa anawaambia wateja wake kwamba serikali imejenga hospitali ya vyura, na wodi ya wazazi inafanya vizuri. Kwenye redio watu walipiga simu asubuhi, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kama mbunge anayeshindwa na shimo ataweza sheria. Mheshimiwa alikuja kila wiki kulitazama shimo lake. Alisimama ukingoni na viatu vyake vyeusi, akawahesabia wachimbaji siku, akaondoka. Mvua zilipokwisha walianza upande wa tatu kwa nyundo na patasi, na safari hii wakapita.

Kikajengwa. Matofali, mabati, milango minne ya bluu, pipa la maji lenye bomba, na sabuni iliyofungwa kwa kamba ili isihame. Kilikuwa choo kizuri kuliko nyumba nyingi za Jebel. Kulikuwa na kasoro moja tu, na kasoro hiyo hata mtoto aliiona: milango yote minne ilitazama wanywaji chai.

Kwa mtu asiyeijua Juba, naeleza. Pale kwenye chai wanakaa watu wa kila ukoo. Mwanamume wa kwetu hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hafungui mdomo mbele yake kama anaweza kuepuka. Sasa mtu huyo achukue birika la plastiki, lile la kwendea chooni, ambalo sisi Juba tunaliita ibrik, avuke mita thelathini za uwanja mtupu, na mama mkwe yuko pale na glasi ya chai anamtazama, anajua aendako na karibu anajua na muda atakaotumia. Haiwezekani.

Na bado tumbo ni tumbo. Wanaume walijaribu. Mtu aliondoka na birika lake kwa mwendo wa haraka, akafika katikati, akainua macho, akaona kitambaa cha kichwa anachokifahamu. Hapo alipinda kushoto kwenye mwarobaini mchanga uliokuwa peke yake pale uwanjani, akamwaga maji yote kwenye shina kwa utulivu mkubwa, akautazama kama bwana shamba, akarudi. Baada yake mwingine. Wakati wa kiangazi miti yote ya sokoni ilikauka isipokuwa mwarobaini ule, ambao ulinenepa hadi ukatia aibu.

Redio wakapata kazi tena. Mjinga gani anageuza mlango wa choo kuelekea watu? Yule asiyejua mila zake mwenyewe. Yule aliyekulia ughaibuni. Hakukulia ughaibuni, lakini hakupiga simu kukanusha. Alichofanya ni kibaya zaidi. Alianza kuja mwenyewe.

Kila asubuhi saa mbili aliteremka barabarani ndani ya suti yake, birika la bluu mkono wa kushoto. Alipita kila meza ya chai akisalimia kwa mkono wa kulia, mmoja mmoja, na habari za watoto. Kisha akavuka uwanja bila kuharakisha, akafungua mlango wa pili, akaingia, akafunga. Watu walitazama glasi zao. Baadaye akatoka, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akarudi kusalimia tena, meza moja moja, na hapo ndipo kila mtu aligundua ana shughuli na mfuko wake. Kwangu alikuwa anasimama.

"Msanii, herufi zinaendeleaje?"

"Zinakwenda," niliviambia viatu vyake.

Ilikuwa asubuhi ya tatu au ya nne alipopita hivyo, na mimi, nikiwa na brashi mdomoni, nikasema pole pole kwamba wenzake wana bendera kwenye gari na huyu ana birika. Mheshimiwa Birika.

Kinyozi alizima mashine. "Umesema aje?"

"Sijasema kitu."

"Mheshimiwa Birika! Aki wewe, buda, unakaa kimya hivi kumbe uko na sumu!" Na akatoka nje ya kibanda, mteja wake akiwa na nusu ya kichwa, akalitangazia soko kwa sauti ambayo mimi singeipata hata nyumba ikiungua.

Kufikia jioni lilikuwa limefika daraja la Gumbo. Kufikia Jumapili watoto walikuwa wakiliimba nje ya kanisa, kwa sauti mbili. Kwenye redio mtu mmoja aliuliza kama leo Mheshimiwa Birika amejaa au ni nusu. Ilisemekana hata bungeni wenzake walimwekea birika kwenye kiti, likiwa na utepe. Nilikaa kibandani nikitabasamu peke yangu. Ni raha ya ajabu kusikia mji mzima unacheka kitu chako na hakuna anayekutazama.

Yeye aliendelea kuja. Saa mbili, suti, birika. Watoto walimfuata wakiimba, naye aliwapungia birika.

Kisha siku moja mama mdogo alijimiminia chai.

Nilikuwa namsubiri anijazie glasi na nikaona anachukua ya pili, anatia sukari vijiko vitatu, anakaa, anakunywa. Alikunywa yote kama mtu anayesoma barua. Kisha akajimiminia nyingine.

"Kumbe unakunywa chai," nikasema.

"Napenda chai sana."

"Miaka yote hii?"

Kiswahili chake ni cha Uganda, na akikasirika kinakuwa cha Uganda zaidi. "Wewe iko na macho ya kuandika tu, ya kuona hapana. Mimi nikunywe chai asubuhi, halafu niende wapi? Mawe? Mchana, watu wanaona? Kinamama wote hapa hatuna kunywa kitu mpaka kurudi nyumbani. Hata maji. Sasa iko mlango."

"Mlango wenyewe aliukosea."

"Nani alikosea?"

"Mheshimiwa. Ameuelekeza huku."

Akaweka glasi chini. "Sisi ndiyo tulimwambia. Tulienda kwake, sisi kinamama ya chai. Mlango ikiangalia mawe, mimi nikiingia nani anajua nani amenifuata? Huko nyuma iko walevi, iko watu na bunduki yao. Tukamwambia, mlango iangalie sisi, tuonane. Akasema, watu watacheka. Tukamwambia, watakucheka wewe, si sisi."

"Akasema nini?"

"Akasema sawa." Akamalizia chai yake. "Na hajasema kwa mtu. Hata redio ikimtukana hajasema ni sisi."

Nilirudi kibandani. Kwenye kibao nilikuwa nimeandika nusu ya neno, na siku nzima lilibaki nusu. Huko nje kinyozi alikuwa anamsimulia mteja jinsi jina lile lilivyomjia kama upepo.

Shida ya wanaume, iliyosalia, ilitatuliwa na kinamama wenyewe. Asubuhi moja tulikuta viti vyote vya chai vimegeuzwa, migongo kwa choo, nyuso kwa barabara. Aliyekigeuza kiti chake kukirudisha alipata chai bila sukari, na hakupewa maelezo. Baada ya wiki mbili ikawa ndiyo adabu ya Jebel: mtu akipita na birika, unampa mgongo. Kwingine ni tusi. Kwetu ni heshima. Mama mkwe anageuka, mkwe anapita, na hakuna aliyeona kitu. Mwarobaini ukarudi kuwa mti wa kawaida.

Nataka kuwa wa haki hapa, kwa hiyo nasema yote. Mheshimiwa alikuwa na hotuba ndefu kiasi kwamba mbuzi waliokuja kusikiliza waliondoka wakiwa wamekua. Aliahidi pia kisima na hatukukiona. Mlango wa nne haukufungika tangu siku ya kwanza, na kila wiki alisema fundi yuko njiani. Sitasema choo kilifukuza kipindupindu, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba mama mdogo alikunywa chai.

Uchaguzi ulipofika, chama hakikumsimamisha tena. Kilimleta mwingine, mtu mrefu aliyekuwa amekaa Ulaya miaka mingi na kurudi na sauti nzuri, kama mtu mwenye mkufunzi kooni. Nilimwuliza kinyozi kwa nini yule wa zamani ameachwa. Hakuacha hata kunyoa.

"Jina, msanii. Nani atapigia kura birika? Mimi ndiyo nilimmaliza, aki, saa zingine naskia vibaya."

Rangi ikanikaukia kwenye brashi.

Miezi haikupita mingi, msaidizi wa mheshimiwa mpya akaja kibandani kwangu, miwani myeusi na simu mbili. Bosi wake alikuwa anatafuta kitu cha kuzindua. Barabara hazikuwapo, kisima hakikuwapo, lakini choo kilikuwapo, na hakikuwahi kuzinduliwa rasmi, kwa kuwa wakati kinakamilika hakuna mkubwa aliyetaka kupigwa picha nacho.

"Utaandika ukutani, juu ya milango," akasema. "'Vyoo hivi vililetwa na Mheshimiwa,' halafu hili jina." Akanipa karatasi. Jina lilikuwa na mistari miwili, pamoja na elimu yake. "Kesho kutwa, saa nne. Kutakuwa na pazia, atalivuta."

Maneno yale yalikuwa ya Kiingereza, hapa nayaweka kwa Kiswahili. Nilitaka kumwambia kwamba vililetwa na mwingine. Nililisema vizuri kabisa, kwa ujasiri, ila ndani ya kichwa. Kwa nje nilisema, "Ndiyo, bosi."

Siku mbili hizo sikuwa na raha ya chakula. Kura nilikuwa nimemnyang'anya, au nilisaidia kumnyang'anya. Sasa nilikuwa ninakwenda kumnyang'anya na choo chenyewe, kwa mkono wangu, kwa herufi nzuri.

Siku yenyewe nilipanda ngazi alfajiri, nyuma ya pazia walilolitundika, na nikaanza. Niliandika kama ninavyoandika siku zote. Sikujichelewesha kwa makusudi, angalau mwanzoni. Saa moja nilikuwa kwenye "vyoo". Saa tatu msaidizi aliingiza kichwa chini ya pazia.

"Umefika wapi?"

"Kwenye Mheshimiwa."

"Malizia! Wako mtaa wa Amarat, wanatoka hotelini!"

Nikamaliza neno Mheshimiwa, nikaweka hata mstari chini yake. Mbele yake ukuta ulikuwa mtupu na mweupe. Nikaitazama karatasi yenye mistari miwili ya jina, nikasikia king'ora, nikajua kwa kuandika siwezi kufika hata herufi ya nne. Na kuchora ni jambo jingine. Nikachovya brashi kwenye rangi ya bluu. Tumbo, mpini, mdomo, kifuniko. Nilimaliza kabla gari la kwanza halijazima, nikashuka, nikasimama nyuma ya kinyozi, ambaye ni mpana.

Mheshimiwa mpya alizungumza vizuri na kwa ufupi, hilo nampa. Akavuta pazia.

Wasiojua kusoma, nao ni wengi Jebel, ndio waliosoma kwanza. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama mdogo, na kinamama wote wakakipokea. Kinyozi akashika kichwa. Askari yule wa betri akapiga saluti. Mheshimiwa mpya, aliyekuwa Ulaya miaka yote ile ya redio, alitabasamu pande zote, akageuka, akautazama ukuta, akasema kwenye kipaza sauti: "Na mchoro mzuri sana wa birika!" Kigelegele kikapanda. Msaidizi alitaka kumnong'oneza, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Sijui mtu anaanzaje kumnong'oneza mkubwa jambo kama lile.

Hapo ndipo yeye akateremka barabarani.

Siku zote, hata baada ya chama kumwacha, alikuja saa mbili. Siku hiyo ilikuwa saa nne na nusu, na sikuwahi kumwuliza kama alichelewa au alipanga. Suti ile ile. Birika lile lile. Alisalimia safu za viti vya wageni mmoja mmoja kwa habari za watoto, wakiwamo watu wa ofisini ambao hakuwajua, akafika mbele, alipokuwa amesimama mgeni rasmi.

"Samahani, mheshimiwa mwenzangu," akasema, na kipaza sauti kikamchukua. "Umesimama mlangoni."

Mgeni rasmi akasogea. Mama mdogo akageuka, akampa mgongo. Kisha kinamama wote wa chai, kisha soko. Tukasikia viti vinaburuzwa. Kwaya ya kanisa, iliyoalikwa kuimba, ikageuka na vitabu vyake. Wageni wa ofisini walitazamana, wakaona bora wageuke. Mimi na kinyozi tukageuka. Kwa muda wote ambao mlango wa pili ulikuwa umefungwa, mheshimiwa mpya alibaki na kipaza sauti mkononi akiitazama migongo ya Jebel, na hakuna heshima kubwa kuliko ile iliyowahi kutolewa pale, ingawa haikuwa yake.

Kisha tukasikia bomba la pipa. Alinawa hadi viwiko, akaenda kwa mgeni rasmi na kumpa mkono uliolowa. Yule aliupokea. Hilo pia nampa.

Msaidizi alinipata nyuma ya kinyozi, akanishika ukosi. "Kile ni nini?"

Macho mengi yalinigeukia. Nikatafuta pa kuweka mikono, nikakosa.

"Ni jina lake," nikasema. "Nilimpa mimi."

Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Miaka niliyomjua, hiyo ni mara moja.

Alasiri, watu walipokwisha ondoka, Mheshimiwa alisimama kibandani kwangu. Nilianza kuongea na viatu vyake, kwamba anisamehe, kwamba kinyozi hana kosa.

"Nilijua zamani kuwa si la kinyozi," akasema. "La kinyozi lingekuwa na maneno mengi. Lako lilikuwa fupi."

Nikaweka brashi chini.

"Lilikuwa jina zuri," akasema. "Mimi mwenyewe nilicheka nyumbani, mke wangu akakasirika." Akainua birika la bluu, akaligeuza kwenye mwanga, akatazama ukuta kule juu, akatazama tena birika. "Lakini mdomo umeuchora mrefu mno. Hili mdomo wake ni mfupi. Utaurekebisha?"

Nilichukua ngazi na rangi nyeupe. Alisimama chini akinielekeza hadi jua likaondoka uwanjani, na alielekeza kwa maneno mengi sana.